Namba Uliyoiapia kwa Uhai Wako

Papa yangu,

Ni mimi, yule uliyekuwa ukimwita Mwanafunzi Mbishi.

Bado naiona namba uliyoiandika kwa makaa mlangoni petu Mulongwe: 131071. Ulizidisha mbili kumi na saba zenyewe kwa zenyewe, ukapunguza moja. Mama alikuwa akigawa ndagala, dagaa wa ziwa letu, mafungu sawasawa mchangani. Wanaobaki, kwa desturi ya wanawake wa ufukwe wetu, ni wa mpita njia. "Hii ni namba tasa," ukaniambia. "Ukitaka mafungu sawa, mpita njia hakosi kitu, ila fungu likiwa moja tu au kila samaki akikaa peke yake." Nikabisha, nikajaribu. Kwa mbili, tatu, tano, hata kumi na saba, hubaki moja. Kwa saba hubaki tatu.

Uhuru ulikuwa bado mchanga waasi walipouingia mji. Kamanda wao, kijana mwenye kovu shavuni, akasimama mbele ya mlango wetu.

"Weye mwalimu, hii chifre iko ya kuita ndege zitupige?"

"Hapana, chef. Iko namba tu, haigawanyike."

"Kubwa hivi, ikatae kugawanyika?"

"Jaribu. Ukipata mafungu sawa bila kubakisha, unipige risasi."

Nilikuchukia dakika ile, Papa, kwa jinsi nilivyokupenda. Akakaa kwenye kigoda cha Mama, akashika makaa. Saba ikakataa. Kumi na moja ikakataa. Kumi na tatu nayo. Jasho likamtoka, akayatupa makaa. "Iko na kichwa nguvu sawa weye," akasema, akaenda zake.

Mama akakuuliza kama ulikuwa na hakika.

"Bado. Nilifikia kumi na tisa tu."

Lo, siku hiyo Mama alikulaza njaa!

Tulivuka mto Ruzizi, tukawa wakimbizi. Kule uligawa kwa kijiti kwenye majivu hadi 359, ikabaki thelathini na sita. Zaidi ya hapo hapakuwa na haja, ulinieleza: kigawanyo kikubwa lazima kiwe na mwenzake mdogo, na wadogo wote ulishawajaribu. Ukacheka mpaka ukakaa chini. "Sikudanganya!" ukapaza sauti. Mama akalia, kisha akakupakulia ugali mkubwa kuliko wa sisi sote.

Sasa umepumzika, na mimi nilisharudi Mulongwe, ni bibi ninayegawa ndagala ufukweni. Juzi walibaki wachache, nikamwita mzee aliyekuwa akipita. Alipogeuka nikaliona lile kovu.

"Weye iko mutoto wa yule mwalimu," akasema. "Ile chifre, kuna muntu alishaigawanya?"

"Hapana, mzee. Papa alizimaliza zote. Haigawanyiki."

Akashusha pumzi, akafunika uso kwa mikono.

"Aksanti Mungu. Miye najaribu mpaka leo, na kila mara naomba ikatae, sitaki deni ya ile risasi."

Nikamfungia ndagala wake, Papa. Nikamwongezea na wa kwangu.

Lala bila deni la hesabu,
Binti yako mbishi