Aliyesimamishwa Kwenye Njia ya Kiboko

Mwabulenga,
S.L.P. 47,
Kisesa, Mwanza.
14 Julai 2025

Mpendwa kaka Jonathan,

Shikamoo kaka. Nakusalimu wewe, wifi yangu Leonsia na watoto. Natumaini mmeamka salama huko Trondheim na kwamba kikohozi cha yule mdogo kimekwisha. Ulisema mwezi huu jua huko halitaki kuzama. Hapa linazama kama kawaida, ila siku hizi tunafunga milango mapema.

Sisi miili yetu ni mizima. Mama mkubwa Teodora magoti yanamsumbua lakini bado anakwenda kanisani kwa miguu yake. Mvua za masika ziliishia njiani, kwa hiyo mahindi tumevuna kidogo na ng'ombe wamekonda. Baba hajambo mwilini. Kuhusu mengine, kaka, soma taratibu.

Kwenye simu nilikwambia tu kwamba jirani yetu Yakobo amefariki na tumemzika. Uliponipigia, Baba alikuwa ameketi karibu yangu, nikashindwa kusema zaidi. Barua hii nampa Kokuberwa, dada yake Leonsia, anayesafiri wiki hii kuja kwenu. Isome ukiwa umekaa.

Unamjua Baba na baiskeli. Mtu aliyewahi kushinda zawadi ya ng'ombe dume kwa kukanyaga pedali hadi Magu na kurudi hasahau. Tangu ilipotangazwa kwamba mbio za baiskeli za waendeshaji wa kulipwa, za barabara ya changarawe, zitaanzia Igoma, zipite Kisesa, zishuke kwetu hadi ziwani ndipo zipande tena, mzee akawa kijana. Kila jioni alichukua simu yangu kutazama waendeshaji: nani ana mapafu ya mlimani, nani anaogopa mteremko. Kipenzi chake alikuwa Obedi, kijana wa Magu anayeendeshea timu ya Ulaya.

Yakobo naye, kwa ukaidi tu, alimchagua Mweritrea mmoja. Walibishana hadi Paskazia, mke wa Yakobo, akawa anakuja kumchukua mumewe kama mtoto. "Shigela," Yakobo alikuwa akimwambia Baba, "changarawe haijui mtu kazaliwa wapi." Baba anacheka hadi anakohoa. Walikuwa marafiki tangu enzi za kuchunga, na miezi ile ilikuwa ya furaha kuliko mingi niliyoiona kwao.

Lakini tangu Mei kulikuwa na jambo jingine ambalo hatukukuandikia. Kiboko. Majani ya ufukweni yalikauka, akaanza kutoka ziwani kila jua likizama, anakata barabara pale kwenye kona ya chini, anapanda mpaka lambo la ng'ombe ambako bado palikuwa na matete mabichi. Kabla ya mapambazuko anarudi majini kwa njia ile ile. Wavuvi walisema ana jeraha begani, kuna watu walimchoma mkuki. Mwenyekiti wetu Malimi alitoa taarifa, tukaambiwa tusubiri. Tukasubiri. Watu wakazoea kuruka mavi yake barabarani kama wanavyoruka dimbwi.

Siku ya mbio watu walifika kukiwa bado giza. Walikuja kwa malori kutoka Kisesa, wengine walivuka kutoka Kamanga tangu jana yake wakalala kwa ndugu. Ngoma, filimbi, spika za kanisa na za baa. Wote walitaka kona ya chini, kwa sababu pale mwendeshaji anashuka kwa kasi halafu analazimika kukata, na ukikaa vizuri unamwona hadi meno. Wakajipanga pande zote mbili, bega kwa bega, migongo ya nusu yao ikielekea ziwani na ya nusu nyingine ikielekea lamboni.

Mimi nilikwenda lamboni kuchota maji. Ng'ombe wa Paskazia walikuwa wamesimama mbali na ukingo, wote wamegeukia matete, na hata walipochapwa hawakusogea kunywa. Nikatazama chini. Nyayo za kiboko zilikuwa zimepanda, tope lake bado bichi. Nikatafuta za kurudi. Kaka, nilitafuta mpaka barabarani, sikuziona. Watu walikuwa wamemfungia njia ya maji kabla hajarudi.

Nikamkimbilia mwenyekiti. Alikuwa amevaa suti, anawapokea wageni. "Kwa makelele haya ameshakimbilia Kayenze huko," akaniambia. "Rebeka, usitutie hofu mbele za watu. Wenye mbio wakisikia neno kiboko, hawatatuletea tena." Akawa ananitazama hadi nikaondoka.

Nikamwendea Baba. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake mbele kabisa, redio sikioni, Yakobo pembeni yake. Nikamweleza. Akazima redio.

"Nani amesimama kwenye njia yake?"

"Watu wote, Baba."

Akainuka. Yakobo naye akainuka bila kuuliza kitu. Wakaanza kusukuma watu, mmoja kwa fimbo, mwingine kwa mikono. "Mpisheni mwenye njia! Mpisheni mwenye njia!" Wengine walicheka wakidhani wazee wawili wanawapanga kwa ajili ya baiskeli. Wengine walitukana, maana waliamka mapema kupata nafasi ile. Lakini taratibu pakafunguka mwanya, upana wa lori moja, kutoka upande wa lambo hadi upande wa ziwa. Kila walipogeuka, watu walirudi kuuziba.

Ndipo Baba akasema neno ambalo sasa halimtoki kichwani. "Yakobo, wewe shuka upande wa ziwa, uwazuie wasirudi. Mimi nabaki juu." Yakobo akashuka.

Kisha tukaona vumbi. Kwanza dogo, juu kabisa kwenye kilima, halafu likaanza kuteremka. Spika zikatangaza kwamba Obedi amewaacha wenzake kwenye mpando wa Kisesa, anakuja peke yake. Hujawahi kusikia sauti kama ile, kaka. Wanawake walipiga vigelegele, watu walilia. Mimi mwenyewe nilisahau kila kitu, nikanyoosha shingo. Pikipiki ya kuongoza ikapita. Nyuma yake nikamwona Obedi, amelala juu ya usukani, uso mweupe kwa vumbi.

Nilisikia matete yakivunjika nyuma yangu. Hayakuvunjika taratibu.

Nilikuwa karibu na Baba kuliko ninavyokuwa na sahani yangu mezani. Niliona alivyogeuka. Alitazama lamboni, akatazama chini upande wa ziwa, ambako Yakobo alikuwa ametugeuzia bega na mgongo, ameinua mikono kuzuia kundi la vijana. Akatazama barabara. Akaita, "Yakobo!" Halafu akakimbilia katikati ya barabara, miguu ile unayoijua, akatanua mikono mbele ya baiskeli.

Obedi alikata upande, akaanguka mtaroni. Kiboko akapita mbele yao, mahali ambapo kijana yule angekuwa. Sikumwona vizuri. Niliona mgongo mpana unaong'aa tope, nikahisi ardhi, na hewa iliyonuka matope ya chini. Alikwenda moja kwa moja majini, na Yakobo alikuwa kati yake na maji.

Sitakuandikia nilichokiona. Gari la wagonjwa la mbio ndilo lililombeba, akakata roho kabla hawajafika Kisesa. Paskazia alikuwa ameshika miguu yake.

Juu ya kilima watu hawakuona kiboko. Waliona mzee mmoja akimwangusha kijana wao aliyekuwa anaongoza. Wakazomea, wakarusha chupa, moja ikampata Baba shingoni. Hakujifuta. Wenye mbio walisimamisha waliofuata, wakasubiri, wakawaachia tena. Aliyeshinda ni yule Mweritrea wa Yakobo.

Tulimzika Jumatatu. Obedi alikuja, mkono umefungwa kwa bandeji, akapiga goti mbele ya Baba. "Shikamoo mzee." Baba akajibu marahaba, basi. Mtu aliyesubiri miezi yote ile kumwona!

Baada ya kaburi kufukiwa, Baba akaomba kusema. Malimi alijaribu kumzuia, akasema, "Mzee pumzika, kila mtu anajua ulivyookoa." Baba akasimama tu.

"Mimi ndiye niliyemweka pale," akasema. "Na nilimwona. Nilikuwa na nafasi ya kumkimbilia mmoja, nikamkimbilia kijana. Sikufikiri. Miguu ilikwenda. Nisingependa mtu asikie haya kwingine."

Unakumbuka Yakobo alikuwa hasikii sikio la kushoto, tangu ile homa ya utotoni. Paskazia akainuka pale alipokuwa amekaa chini, khanga imemtoka kichwani.

"Ulimwita?"

"Nilimwita. Mara moja."

"Alikuwa amekuelekezea sikio gani?"

Baba akafumba macho, kama anapanga tena watu wote wa siku ile mahali pao. "La kulia," akasema.

"Basi alisikia," akasema Paskazia, akakaa.

Kaka, nimeligeuza neno hilo kila upande. Kuna saa naona alikuwa anampa Baba faraja, kwamba rafiki yake alisikia jina lake likiitwa na mtu aliyempenda. Kuna saa naona alikuwa anasema kwamba mumewe alijua kinachokuja, na kwamba hakuna aliyekuja. Tangu siku ile Paskazia hajatia mguu kwetu, na mimi nikimpelekea uji anaupokea mlangoni.

Ndugu zake Yakobo walitoka Magu wakakaa msibani bila kuonja chakula chetu. Waliondoka bila kuaga. Sasa wametuma ujumbe kwamba watakuja Agosti kwa kikao cha koo mbili. Hawakusema wanataka nini. Mama mkubwa Teodora anasema watu wanaotaka kuzungumza hutaja wanachotaka. Nimewasikia vijana wa senta wakisema kwamba mzee Shigela alimuuza rafiki yake kwa ajili ya mchezo. Juzi mtu amekata kamba ya mlango wa zizi letu. Ng'ombe hawakutoka, lakini kamba ilikatwa kwa kisu.

Askari wa wanyamapori walikuja baada ya msiba, wakazunguka na bunduki, wakaondoka. Hawakumpata.

Baba amekataa watu wa ukoo wamsemee kikaoni. Anasema atakwenda peke yake na atasema yale yale aliyosema kaburini. Mchana anakaa uani na kiti chake amekigeuzia ukuta. Obedi akipiga, ananirudishia simu bila kuipokea. Jana nilimuuliza kama nikuandikie uje. Akasema, "Jonathan ana kazi."

Baba hasemi uje, kaka. Mimi ndiye ninayesema. Wewe ni mtoto wake wa kwanza wa kiume, na siku ya kikao mtu akae karibu naye upande wa kulia na mtu akae upande wa kushoto. Mimi nitakuwa upande mmoja.

Nisalimie Leonsia na mwambie asante kwa dawa za Mama mkubwa. Wabusu watoto. Winnie wa shangazi anawasalimu, na Mama mkubwa Teodora anasema anawaombea kila asubuhi kwa majina. Mungu awafunike huko ugenini, na akutangulie njiani ukianza safari.

Mimi mdogo wako ninayekupenda na kukungoja,

Rebeka