Opera ya Kijerumani na Posa ya Rukia

Jumapili, alasiri. Mvua imenyesha kidogo tangu adhuhuri, barabara yetu ya Ndia Kuu imetulia, na mimi nimejaa furaha na makamasi kwa pamoja. Wacha niandike kabla sijaona haya.

Leo nimeitazama tena ile opera yangu ya Kijerumani. Ndiyo, mama wa Kimvita wa miaka hamsini na mitatu, na leso yake na bakuli la kaimati! Kijerumani nilijifunza nilipokuwa nikifanya kazi mapokezi hotelini, na mgeni mmoja akaniachia kanda yake. Kanda ilishakufa zamani, siku hizi natazama kwenye simu. Rukia, binti yangu wa pekee, huiita makelele ya mama.

Ni kichekesho, wallahi. Bwana mmoja mnene asiye na haya ataka kuoa msichana kwa ajili ya mali ya babake. Posa aituma kwa mkono wa kijana mzuri aliyeshika ua la fedha. Kijana na msichana wakatazamana, kwisha kazi. Ndiyo maana sisi posa tunatuma watu wazima!

Lakini kijana mwenyewe ana mtu wake, bibi wa heshima aliyemzidi umri. Astaghfirullah, sehemu hiyo sijamsimulia mtu. Mwishowe bibi yule amwachia msichana kijana wake, aondoka zake kichwa juu. Nilipokuwa na miaka ishirini na tano nilikuwa upande wa msichana. Nikimwona yule bibi nasema, ondoka mama, wachelewesha watu. Sasa namtazama yeye tu, na nadhani ndiyo sababu opera hii hainichoshi.

Leo nilipofika pale mwisho, bibi anapomwachia, nilizima simu.

Ukweli ni huu: Rukia aliposwa wiki tatu zilizopita, na mimi ndiye niliyelikalia jibu.

Kijana aliyemposa hana ila. Ana adabu, afanya kazi bandarini Mbaraki. Babake Rukia ni marehemu, kwa hiyo jibu ni la kakangu Athumani, naye aliniambia nimuulize binti kwanza. Nikamuuliza. Akainama, akacheza na ncha ya mtandio, akanyamaza. Mombasa nzima yajua msichana akiulizwa hivyo akanyamaza, amekubali. Mimi nikampigia Athumani: "Hajasema kitu."

Si uongo. Na ni uongo mtupu.

Kila akiuliza nilimjibu, "Bado kimya, kakangu, tusimharakishe." Rukia akawa anyong'onyea, adhani mjomba amekataa, nami namwona na sisemi. Niliiogopa nyumba hii. Vyumba vinne, ngazi zote hizi, na mimi peke yangu na redio.

Basi leo nikamwita, nikamwambia yote. Akanikodolea macho.

"Mamangu! Wiki tatu? Kwani napelekwa Maskati? Ni Tononoka, hapa hapa mjini!"

"Tononoka ni mbali kwa mtu wa magoti mabovu," nikasema.

Akaangua kicheko, akaniangukia begani, ndipo tukalia sote wawili. Nilimwomba msamaha, akanisamehe haraka kuliko nilivyostahili.

Pale pale nikampigia Athumani, nikakiri. "Dadangu, wewe ni balaa," akasema, na mengine siyaandiki. Nikamwacha amalize. Kisha nikasema: "Amekubali. Nami nimeridhika. Wape watu jibu lao." Kabla sijakata simu, Rukia akapiga kigelegele. Bibi harusi kujipigia mwenyewe, jamani! Jirani wa juu akaitikia bila kujua cha nini.

Sasa ametoka, kaenda kuwapa habari mashoga zake. Nimeteleka birika, nikatia majani ya watu wawili, nikasita. Chai ya mtu mmoja hupikwaje? Sijui. Nna muda wa kujifunza mpaka harusi.