Kadi Niliyoiua Ruiru

Baba Shiro,

Kadi ya Njoroge imewaka. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuniuliza kama nimekula.

Wiki mbili baada ya kukuzika, Mama Shiro aliniita akanipa ufunguo wa karakana. Hakuzunguka. "Zena, maliza ile kazi aliyoacha. Ukiweza, endelea kufanyia kazi hapa. Ukishindwa, nawapatia watu wa skrap kila kitu." Hakusema kwa ubaya. Amechoka kupita hapo Ruiru akiona mlango wako umefungwa.

Niliogopa, nisikudanganye. Miaka sita nimekaa kando yako, lakini ukiwa hapo kukosea kulikuwa rahisi.

Kazi yenyewe unaijua. Njoroge wa Thika, yule wa video za harusi, na kompyuta yake kubwa ya zamani, Mac, ambayo kadi ya picha, ile inayoleta picha kwenye skrini, ilikufa. Kadi za Mac hiyo siku hizi ni za kutafuta kwa tochi, na kila fundi alimwambia aitupe. Wewe ulimwambia ailete. Ukapata kadi ya PC, hizi kompyuta za kawaida, ambayo ndani ni ileile, ila tu haina programu ndogo ya kuongea na Mac inapowaka. Ukaanza kuiflashi, yaani kuiandikia hiyo programu, na stima ikapotea katikati. Kesho yake ukalazwa. Hukurudi.

Kadi iliyokatizwa namna hiyo, kompyuta inakataa hata kuwaka ikiwa nayo. Lakini nilikuwa nimekuona ukifufua kadi kama hizo. Haki nilikuwa nimekuona! Unaweka kadi mbili kwenye PC, ile nzima ya kuonea skrini na ile mgonjwa. Unashika kile kibanio cha nyusi ulichomnyang'anya Mama Shiro, unagusanisha mguu wa kwanza na wa nane wa ile chipu ndogo inayobeba programu, unawasha. PC inadhani chipu haiko, inaendelea na safari zake. Ndio unaachia, unaandika upya. Wewe ulikuwa unafanya hayo huku ukitafuna njugu. Mimi nilijaribu asubuhi nzima, kibanio kikiteleza, mpaka nikajitukana.

Mwishowe PC ikawaka. Nikachomeka flashi diski yako ya kuhifadhia faili nitafute programu ya Mac. Baba Shiro, kila kadi uliyowahi kugusa iko humo, nakala yake kabla hujaibadilisha. "Usiguse kitu hujanakili," si ulikuwa unatuimbia hivyo kila siku? Nikashuka na hiyo orodha mpaka mwaka wangu wa kwanza, nikakuta faili inaitwa "Kadi ya Zena, kabla hajaiua."

Haiya! Nilikaa chini.

Unakumbuka ile wiki yangu ya kwanza. Ulisema niflashi kadi ya kwanza, nikabonyeza moja, kumbe mashine huanza kuhesabu na sifuri, na moja ni kadi ya pili. Nikaiandikia kadi ya kuonea, ileile niliyokuwa nimeipaka rangi yangu nyekundu ya kucha ndio nisikosee! Skrini ikawa giza. Nililia kutoka Ruiru mpaka kwetu Thika, nikaapa sirudi tena. Asubuhi ukanipigia: "Njoo bwana, nimepata nyingine. Hiyo ilikuwa imezeeka tu." Nikarudi.

Sasa leo nilimaliza kazi kwanza, vile ulinifunza. Nilihesabu kutoka sifuri, mara mbili, kwa sauti, ndio nikaiandikia kadi ya Njoroge. Njoroge alipowasha Mac yake na ile rangi ya kijivu ya Mac inayoamka ikatokea skrini nzima, alipiga kelele mpaka muuza matunda akaja kuangalia kuna nini. Mama Shiro alisimama mlangoni akilia na kucheka.

Walipoondoka nikachomoa kadi yetu ya kuonea. Ile yenye tepu ya karatasi nyuma, uliyonikataza kubandua. Nikabandua. Chini yake kuna rangi nyekundu ya kucha.

Kwa hivyo miaka sita nimekuwa nikiona skrini kwa kadi niliyoiua. Ulijua nitakosea, ukanakili, ukaniacha, ukaifufua peke yako, halafu ukasingizia uzee nisione haya. Sijui hilo jina la faili uliliandika kabla sijaiua au baada. Vile nakujua, ni kabla. Watu hapa wanakusifia mikono, na mikono ulikuwa nayo. Lakini mimi nakuheshimu zaidi kwa ile tepu. Nimekukosa, mzee wangu. Nimekukosa sana.

Mama Shiro amesema nibaki. Jina lako liko mlangoni na halifutwi. Tepu nimeirudisha mahali pake.

Pumzika, Baba Shiro. Mungu akulaze pema. Siku mtu akija kujifunza kwangu, nakuahidi nitamwacha akosee. Nakala nitakuwa nayo mfukoni, na sitamwambia.

Zena