Pua ya Maestro

Fiammetta, acha unachofanya usome hii. Corrado kampiga Maestro. Kampiga mpaka damu, mapumziko ya onyesho la mchana, mbele yangu mimi msaidizi wake.

Unajua Maestro akiongoza okestra hataki mwimbaji avute sauti ya juu ambayo mtunzi hakuiandika. Miaka thelathini hataki. Leo Corrado akaivuta. Maestro akaendelea na okestra, akamwacha ananing'inia peke yake. Wale wa roshani ya juu wakamzomea: "Nenda kauze samaki!"

Basi Corrado kaingia chumbani kwa Maestro, kamkaba shingo, kambamiza uso kwenye kioo. Mara mbili. "Utanisubiri, mzee. Utanisubiri."

Maestro, pua imelala upande, akanipa kijiti chake cha kuongozea, kina damu. "Nives, sehemu ya mwisho ongoza wewe. Usimsubiri."

Usimsubiri, kasema.

Corrado kafika kwenye sauti yake ya juu, kanikazia macho, damu bado iko kwenye mikono ya shati. Nikamsubiri. Okestra nzima nikaisimamisha. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Maestro alikuwa pembeni, barafu usoni.

"Yeye kanivunja pua tu," akasema. Akaninyang'anya kijiti, akakivunja.