Njia ya Mkato ya Eliudi

Njoro, Moshi
Jumapili, baada ya misa

Dada yangu mpendwa Herieth,

Shikamoo dada. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Mwanza, na kifua cha Anaeli kimetulia. Sisi wazima. Mama bado anapanda na kushuka kihambani, kwenye migomba yetu, kama msichana, na ndizi zimebeba vizuri.

Najua ungependa nikupigie simu, ila ukinikatiza nitalia, na sitaki kumlilia mjinga.

Mjinga mwenyewe ni Eliudi, mkuu wetu wa ufundi kazini. Unajua tunatengeneza kompyuta ndogo za kufungua na kufunga milango ya maji kwenye mifereji ya mpunga kule Mabogini. Ndani yake kuna kiini cha mfumo endeshi, programu inayotawala mashine. Programu nyingine zikitaka kitu, lazima zikiombe kiini hicho. Zamani kuomba kulichukua muda: prosesa, ule ubongo wa kompyuta, yenyewe ilikagua, ikahifadhi ilipoishia, ikahamia kwenye kumbukumbu ya kiini, ndipo ikaingia. Prosesa za siku hizi zina amri ya haraka, inayoruka ndani moja kwa moja. Lakini haraka hiyo imetokana na kazi ambazo prosesa imeacha kuzifanya. Sasa ni juu ya mwandishi wa kiini kuihamishia kazi kwenye kumbukumbu salama, na kuzuia ishara za nje zisiingie kabla haijahama. Kwa hiyo lango lote la kiini hujengwa upya; huichomeki tu amri mpya kwenye lango la zamani.

Eliudi alichomeka. Alirudi na maneno ya semina ya Dar, akatutangazia kwamba usanifu ni mambo ya vitabuni, kinachouza ni kasi. Nilimwonyesha upenyo aliouacha, ambamo ishara ya nje ingeweza kuingia kabla kazi haijahama. Akasema kama naogopa, nirudi sokoni Kwa Sadala nikauze ndizi. Wenzangu wakacheka, maana kazi yao kubwa pale ni kucheka bosi akicheka.

Masika yakaja. Vipimo vya maji vikawa vinatuma ishara mfululizo, na moja ikaangukia kwenye upenyo uleule. Kompyuta ikaganda mlango ukiwa wazi. Maji yakasomba vitalu vya miche, na aliyeumia zaidi ni Mama Monica, mjane aliyekuwa hana kingine msimu huu.

Unadhani bwana mkubwa aliomba radhi? Alifika Mabogini na viatu vinavyong'aa, akawaambia wakulima kwamba mzee Remigius, mlinzi wa mfereji, alichezea nyaya. Mzee wa watu akasimama kofia mkononi, anaapa, huku majirani zake wanamzomea. Nikashindwa kuvumilia.

“Mzee hajagusa kitu,” nikasema. “Kosa liko kwenye programu, na aliyeiandika ni huyu.”

Eliudi akanivuta pembeni, akafoka kwamba nimemwaibisha mbele ya watu, tena mimi!

Dada, kwenye hiyo “tena mimi” ndipo penye jambo nililokuficha. Yule mgeni anayekuja nyumbani Jumamosi na wazee wake, ambaye Mama alikuambia ni wa ukoo, ni yeye. Alinichumbia mwezi wa kwanza, nikakubali. Tulipanga kukushtukiza. Nilimpenda kiasi kwamba kiburi chake nilikiita ujasiri, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kazi niliyofukuzwa.

Palepale mferejini nilivua pete, nikamwekea kiganjani. Akauliza nani mwingine atanioa. Nilivua viatu, nikaingia matopeni kumsaidia Mama Monica kuokota miche iliyobaki. Kesho yake, kabla hawajaninyang'anya funguo, nilirudisha kiini kwenye njia ya zamani, ya polepole. Milango inafunga. Mzee Remigius wameshamwomba msamaha; Eliudi hajamwomba mpaka leo.

Mama bado hajui kwamba nimevunja uchumba. Mbege, pombe ya ndizi ya kuwapokea wageni, imeshaanza kuchacha, na leo ameniimbia nikimenya ndizi. Nakuomba, dada, panda basi ufike Ijumaa. Watu wa Mabogini niliweza kuwaambia peke yangu. Mama siwezi.

Nisalimie shemeji, na umbusu Anaeli kwa ajili yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Avelina