Masomo Uliyonisomea

Kwako Kaka Mkubwa,

Hapa wote wazima, na mimi nazidi kupendeza mpaka wasichana wanakonda kwa mawazo. Paka amezaa ndani ya kabati lako, juu ya nguo zako. Pole.

Kaka, yale masomo ya Kiingereza ya kwenye simu, uliyonisomea kwa jina langu likizo nzima huku mimi nacheza mpira, yamenipa alama za juu kuliko darasa zima. Nilitamba nusura nipasuke. Sasa mwalimu kasema, "Bingwa, Jumatatu utawakaribisha wazazi jukwaani, kwa Kiingereza, bila karatasi." Wenzangu wakapiga makofi. Nami nikainama kushukuru, kwa Kiswahili.

Mama, unamjua, kashawatangazia wapishi wenzake wote wa shule. Shati langu kalipiga pasi mara tatu. Kila nikitaka kumwambia ukweli, ananikatiza: "Sema kwa Kiingereza, mwanangu, nisikie raha."

Ukiipata barua hii tu, mpigie Mama simu umwambie wewe. Naogopa, kaka. Ndiyo maana naandika: sauti haitoki hata kwa Kiswahili.

Mdogo wako,
Bingwa wa simu