Zuhura Hajaambiwa

Jumatatu, 19 Mei

Baba Zuhura,

Nimefagia chumba, nimechemsha maji, nimekunywa chai kavu. Wifi Mwanaidi, dada yako, yuko barazani anachagua mchele. Mvua imeanza tena. Leo siku ya kumi na mbili tangu tukuzike.

Naandika nyuma ya daftari lako la vyerehani. Mbele ni mwandiko wako: mkanda umelegea, sindano inaruka, cherehani cha mama fulani kinapiga kelele. Sikuchana hata ukurasa mmoja.

Nimo edani. Miezi minne na siku kumi. Nguo nyeupe, hakuna wanja, hakuna udi, sitoki. Hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni Zuhura. Mtoto yuko Uturuki, mwaka wa tatu wa ufamasia, na hajui kwamba baba yake amekufa.

Kaka yako Hamza ndiye aliyekata shauri, jeneza likiwa bado ndani. Mtoto asiambiwe mpaka amalize mitihani mwezi wa sita. Akatoa mfano wa kijana wa jirani yake huko Muheza. Aliambiwa msiba wa mama yake, akaacha mitihani, akarudi. Ufadhili ukakatwa. Hakwenda tena. Watu wote wakaitikia. Na mimi niliitikia. Siku ile sikuwa na akili.

Kwa hiyo wewe uko Pemba, kwa ndugu za mama yako. Simu yako imeingia maji. Ndivyo tulivyomwambia.

Jumatano, 21 Mei

Zuhura kapiga. Nilifunga kamera, nikasema mtandao mbovu. Akauliza Pemba unafanya nini masika hii, karafuu si msimu wake. Akacheka.

"Mama, fungua macho. Huyo kaoa. Kaoa Pemba huyo, anapikiwa pweza."

Wifi akadakia kutoka mlangoni, "Ampate wapi wa kumvumilia na yale mafuta yake ya cherehani?"

Wakacheka wote wawili, mmoja huko, mmoja hapa. Baadaye nilimkuta wifi kauinamia ungo. Mchele umelowa.

Ijumaa, 23 Mei

Ijumaa ya tatu hujamtumia ujumbe wa sauti. Kila Ijumaa ukitoka msikitini ulikuwa unakaa kwenye kigoda chako na kuisogeza simu mdomoni kama unataka kuila. Dakika moja, mbili hazifiki. Umekula? Baridi imepungua? Haya, Ijumaa njema.

Leo kaandika: Mwambieni baba aazime simu ya mtu.

Jumapili, 25 Mei

Anasema sauti yangu imebadilika, anataka kuniona. Wifi kanipa leso yake ya rangi ya chungwa, nikajitanda juu ya nguo nyeupe. Nilijiona mwongo hadi mavazini. Alipoleta na wanja nilikataa. Nikamwambia uongo una mpaka wake. Akasema mpaka tuliupita zamani, mimi ndiye nilikuwa nimesinzia.

Zuhura aliniangalia sana. Akauliza mbona sina wanja. Nikasema macho yananiuma. Akanitajia dawa ya matone, mara ngapi kwa siku, na kwamba chupa ikishafunguliwa isizidi mwezi. Mfamasia kweli. Niliinama kuandika jina la dawa ili asinione uso.

Jumatano, 28 Mei

Nimekumbuka mwaka wake wa kwanza. Wiki tatu alilia. Lugha haijui, mabasi hayajui, wali wao una siagi. Bwenini wasichana watatu na hakuna lugha inayowaunganisha. Alisema darasani anakaa kama gunia.

Hukumwambia avumilie. Ulimwambia kila siku akufundishe maneno matano ya Kituruki. Akatafuta matano kila siku, maana mwanafunzi wake anasubiri. Wewe ukiyaandika kwenye boksi la sindano. Kutamka hukuweza hata moja. Mwezi wa pili akaacha kulia.

Ijumaa, 30 Mei

Tumefanya jambo baya.

Hamza alikuja kutoka Muheza na kapu la machungwa. Zuhura kampigia na yeye mara mbili, kamwuliza habari zako. Hamza akasema mtoto ataingiwa na shaka, lazima asikie sauti. Simu yako ninayo mimi, nzima, haijaona maji. Wifi akafungua jumbe zako za zamani, akachagua moja isiyotaja siku wala kitu. Akaituma.

Nilikuwa nimekaa pale pale. Sauti yako ikajaa chumba. Nikatoka, nikaenda kukaa jikoni.

Jibu likaja: "Baba, simu imekauka? Hii ni ya mwaka jana, nilipoumwa mafua. Hicho kidole chako kimebofya vibaya. Lakini asante, nimeisikia tena." Akaweka na vile vikatuni vya kucheka.

Hamza alifurahi, akasema mambo yamekwisha. Mimi niliacha chakula sahanini.

Jumapili, 1 Juni

Tangu juzi anaipigia simu yako. Inalia kabatini. Nimeizima.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Kwao ilikuwa jana, kwetu leo. Mwaka wa kwanza hukuchinja wewe.

Alipiga asubuhi. Shikamoo mama, Idi njema, nipe baba. Hamza akaichukua simu. Akamwambia bado uko Pemba, bahari chafu, boti hazivuki. Zuhura akasema, "Ami, naomba umpe mama."

Akaniuliza, "Mama, baba mzima?"

Hajawahi kuniuliza hivyo. Nikasema mzima.

Neno moja tu.

Jumanne, 10 Juni

Kaanza mitihani. Mitatu wiki hii, miwili wiki ijayo. Nimemwombea.

Alhamisi, 12 Juni

Katuma picha. Kakununulia miwani ya kusomea, na kipochi chake cha kahawia. Anakuja likizo tarehe 24. Hamza anataka aambiwe akishafika hapa Mabawa, akiwa mikononi mwa watu.

Nimewaza tangu alfajiri. Atapanda ndege mbili na miwani mkobani. Atapanda basi la Tanga. Atashuka anacheka. Mtaa mzima utakuwa unajua ila yeye. Hata muuza maji anajua.

Nimekata shauri. Ijumaa ya wiki ijayo, akitoka kwenye mtihani wa mwisho, namwambia mimi. Hamza sijamwambia.

Jumamosi, 14 Juni

Sikuifikia hiyo Ijumaa.

Kapiga saa tatu asubuhi. Akataka nifungue kamera. Leso ya wifi ilikuwa kambani, mbichi. Nikamwambia asubiri kidogo.

"Basi mama, usifungue. Niapie tu kwa Mungu kwamba baba mzima, nirudi kusoma."

Kudanganya nimedanganya mwezi mzima. Kuapa sikuweza.

Nikafungua kamera. Nikakaa mbele ya simu na nguo zangu za eda na macho yangu bila wanja. Aliniangalia. Akauliza, "Lini?"

Nikamwambia tarehe saba, mwezi wa tano. Jumatano. Moyo. Hakuumwa.

Nilimwona anahesabu kwa vidole. Siku thelathini na nane. Kisha picha ikapotea. Sijui kama alikata au ilikatika yenyewe.

Jumapili, 15 Juni

Khitma ya arobaini yako. Watu wengi. Masufuria mawili ya pilau. Mimi ndani.

Zuhura hapokei. Nimepiga mara kumi na moja. Ilinibidi nimwambie Hamza. Hakupaza sauti, ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Umemvunja mtoto, shemeji. Zilibaki siku sita." Ni kweli, zilikuwa sita.

Wifi alikaa nami mpaka watu wakaondoka. Alisema angekuwa yeye angeapa. Halafu akasema hapana, hata yeye asingeapa.

Jumatatu, 16 Juni

Leo alikuwa na mtihani. Hapokei.

Jumanne, 17 Juni

Ujumbe kutoka namba ya ugenini. Ni yule msichana anayelala naye chumba kimoja, Aigul, wa Kirgizia. Kaandika kwa kutafsiriwa na simu: "Mama wa Zuhura. Zuhura yuko kitanda. Yeye hakwenda mtihani jana. Yeye anakula supu kijiko tisa. Mimi niko kando. Baba yangu pia alikufa wakati mimi niko hapa. Usiogope."

Nimeusoma mpaka nimeujua kwa moyo. Vijiko tisa. Kavihesabu.

Nimemjibu asante.

Alhamisi, 19 Juni

Kapiga.

Hakuamkia. Alianza kwa ukali, na nilimwacha. Alisema tumemwibia msiba wake. Watu wote walilia pamoja, yeye ametengewa wake alie peke yake, ugenini, baada ya watu kumaliza. Alisema hilo la sauti hatalisahau. Nikamwambia na mimi sitalisahau.

Kisha sauti ikamkatika. "Mama, nilisema kaoa. Baba ana wiki mbili kaburini, mimi nasema kaoa Pemba, nacheka. Na nyie mmeniacha nicheke."

Nilimwambia wewe mzaha huo ungeupenda. Si kumfariji tu, ungeupenda kweli, ungewasimulia wote pale kazini. Alilia. Sikumwambia anyamaze.

Baadaye akaanza kuuliza. Nani alikuosha. Nani aliingia kaburini. Ulikula nini mwisho. Nikamwambia chai na mkate wa kumimina, ukasema sukari kidogo, ukaongeza mwenyewe. Ulikuwa umeshika nini? Bisibisi. Ulisema nini? Ulisema nikuletee taa karibu. Niliporudi na taa ulikuwa umeegemea cherehani. Mvua ilikuwa inanyesha? Haikuwa inanyesha. Watu walikuwa wangapi? Mpaka barabarani. Kaburi limekaaje? Hilo nikamwitia wifi, mimi sijaliona.

Tuliongea saa mbili na zaidi. Salio likaisha, akapiga yeye.

Sijamsimulia mtu mwingine yeyote hayo yote. Hapa kila mtu alikuwepo, hakuna aliyeniuliza.

Ijumaa, 20 Juni

Kaenda kwenye mtihani wa mwisho. Aigul alimsindikiza mpaka mlangoni. Hajui amefanyaje. Kaenda.

Jumapili, 29 Juni

Mvua zimekatika. Wifi kaenda kwake kuangalia nyumba, atarudi kesho kutwa. Nimepika wali wa nazi, nimekula wote.

Mtihani aliokosa, chuo kimempa nafasi aurudie Jumatano. Kasogeza tiketi. Watu wa ufadhili kawaandikia barua, hawajamjibu. Hamza sijui kama kanisamehe, lakini jana kaleta machungwa na kuniuliza kama nimepata habari za mtoto. Zuhura kasema mwenyewe kwamba hajanisamehe. Anataka anisamehe ana kwa ana, kwenye simu hawezi. Nimemwambia nitamsubiri. Siendi popote.

Ameniomba, Hamza akienda kukuzuru, ataje jina lake pale, aseme Zuhura binti yako anakusalimu na atakuja. Hamza kaenda leo baada ya alasiri. Anasema kalitaja mara mbili, maana mara ya kwanza sauti haikutoka.

Mimi bado siwezi kuja mpaka eda iishe. Basi nakuomba hapa hapa, Baba Zuhura. Kama huko mliko mnaruhusiwa, unikumbuke.